Mkono Usiotetemeka

Jumamosi asubuhi Mwanasha alipanda kutoka bondeni na ndoo ya lita ishirini kichwani, shingo imemkaza, akamkuta mwanamume anazunguka kwenye mikorosho yake akiitia alama. Msalaba mmoja wa buluu kila shina, umechorwa kwa kile kichaki kidogo cha mraba ambacho wacheza pool husugulia ncha ya fimbo. Alikuwa ameshafika mkorosho wa saba na hana haraka, kama mtu aliye kwake.

Mwanasha hakutua ndoo. "Wewe nani, na hapo unafanya nini?"

"Habari za asubuhi, Mama Furaha. Naitwa Ashraf, natokea Masasi pale Mkomaindo. Kwani mwenye mji hajakwambia?"

"Mwenye mji ni mimi."

Ashraf akatabasamu. Viatu vyake vyeupe vilikuwa havijaingia doa, na kwenye vumbi jekundu la Kitangari mtu wa namna hiyo lazima amefika kwa pikipiki yake mwenyewe. Mwanasha alimjua kwa sifa. Ndiye huyo anayepita miezi ya njaa kununua korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ya kumliza mtu, biashara ya kangomba ambayo serikali inaipigia kelele kila msimu na kila msimu ipo.

"Jana alasiri tulicheza na Baba Furaha pale kwa Felix," alisema. "Wa kwanza kufikisha gemu nne. Mimi niliweka laki tatu, yeye akaweka mavuno ya mikorosho tisa. Kapata gemu tatu, mimi nne. Sitaki nimdhulumu, kucheza kacheza. Sijawahi kumuona akipiga vile. Kesho adhuhuri tunarudiana kwa hii tisa iliyobaki."

Ndoo ilimlemea ghafla. Mikorosho yote ni kumi na minane, na kumi na minane kutoa tisa hata Furaha wa darasa la kwanza anaijua. Miti hiyo aliachiwa na mama yake, kwenye ardhi ya mama yake, na huku Newala mambo ndivyo yalivyo: mwanamume huja akajenga kwa mkewe, mashamba yakabaki upande wa mke. Lukmani, mumewe, alikuja kutoka vijiji vya Masasi na begi moja na redio.

"Hebu niambie," Mwanasha alisema. "Na wewe huo mchezo ulijifunza kwa kuweka dau, kama anavyodai mume wangu?"

Ashraf alicheka mpaka akashika shina. "Mimi? Mama Furaha, mimi nina meza uani kwangu. Napiga peke yangu kila asubuhi kabla sijanywa chai, saa nzima, bila hata senti. Hela naitoa nikishajua nitashinda."

Akamalizia mikorosho miwili iliyobaki, akapangusa vidole kwa leso, akaondoka. Wala hakuaga.

*

Lukmani alikuwa amekaa kibarazani anasafisha mashine yake ya kupulizia salfa. Mashine ile aliipenda, jamani! Aliinunua kwa vibarua vya misimu miwili, na tangu hapo msimu ukifika aliibeba mgongoni akazunguka Kitangari nzima, akipulizia mikorosho ya watu kwa malipo ya kila mti. Ilikuwa na kitambaa chake, ilikuwa na kona yake chumbani, na mvua ikinyesha ilisogezwa mbali na pale panapovuja kabla ya kusogezwa mtoto.

Mwanasha alitua ndoo, maji yakamruka Lukmani miguuni.

"Umeniuzia mikorosho yangu."

"Sijauza. Nimeweka dau. Kuna tofauti."

"Haya, nieleze hiyo tofauti. Nina muda, si nimeshatoka bondeni kwa miguu?"

Lukmani aliweka kitambaa chini kwa utaratibu, akakaa kimwalimu. Hapo ndipo alipokuwa anamtia Mwanasha hasira kuliko hata akiiba. "Sikiliza, Mama Furaha. Mwezi wa kumi na mbili kuna mashindano Masasi. Mshindi anaondoka na milioni mbili. Mbili! Mimi mkono ninao, kila mtu anasema. Lakini mkono wa mtu anayecheza bure unalala. Ukikosa unacheka, unaagiza soda, basi. Ukiweka pesa, unaamka. Kila mpira unauangalia kama adui. Mwezi wa tano mimi nilikuwa siwezi kurudisha mpira kwa ukingo. Leo naurudisha huku naongea na watu. Nani kanifundisha? Dau limenifundisha."

"Mwezi wa tano uliweka baiskeli."

"Ndiyo."

"Ikaenda."

"Ile ilikuwa ada. Kwani shule bure?"

"Ada nalipa mimi!" Mwanasha alijipiga utosini kwa kiganja. "Baiskeli ilikuwa inabeba madumu manne. Tangu mwezi wa tano kichwa hiki ndicho baiskeli. Shimo la kisima liko hapo nyuma toka mwaka jana, kuku wanalala humo. Nilikwambia mavuno haya ndiyo saruji, ndiyo mabati, mvua zikija tuvune maji yetu kama watu wengine. Ukaitikia. Ukasema, sawa mke wangu. Sasa nusu ya kisima changu amekwenda nayo Ashraf na kesho unampelekea nusu nyingine?"

"Kesho narudisha yote. Nimemkosa kwa mpira mmoja tu, Mwanasha. Mpira mweusi mmoja! Unajua maana yake? Yule anajulikana Masasi nzima, na nimemfikisha gemu tatu kwa tatu." Macho yalimng'aa. "Nikwambie kitu. Siku ile ya baiskeli mkono ulinitetemeka toka mwanzo mpaka mwisho, sikupata hata gemu moja. Jana nimeweka mikorosho tisa, mali kubwa kuliko baiskeli, na mkono haukutetemeka hata kidogo. Mkavu kabisa. Ndiyo ujue nimekua."

Alisema hivyo kwa fahari, kifua mbele, akingoja asifiwe.

Mwanasha alimtazama. Kitu kilikuwa kimemchoma mahali ambapo matusi hayafiki, na alihitaji muda akijue ni nini. Akabeba ndoo, akaingia ndani, akamimina maji kwenye mtungi bila kumwaga tone.

*

Kwa mjomba wake alikwenda jioni hiyohiyo. Mzee Ashiru ndiye kaka wa mama yake aliyebaki, na siku ya arobaini ya mama alisimama mbele ya watu akatamka kwamba mikorosho ile ni ya Mwanasha na watoto wake. Alimkuta kwenye kibanda chake cha tumbaku, anajisugua kiuno kwa dawa yenye harufu kali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja mikono mitupu?"

"Nimekuja na msiba. Lukmani kaweka mikorosho rehani kwenye pool."

"Najua," alisema Mzee Ashiru. "Nilitia kidole."

Mwanasha alidhani hakusikia vizuri. "Ulitia kidole wapi?"

"Kwenye karatasi ya makubaliano yao. Yule kijana wa Masasi ana akili, alisema lazima atie kidole mtu wa upande wa mke, kwa sababu mumeo hana mamlaka. Mumeo akaniambia mmekubaliana."

"Na mimi uliniuliza?"

"Nikuulize nini wakati mumeo yuko mbele yangu?" Alifunga kichupa cha dawa. "Usinikodolee macho, Mwanasha. Alinipa elfu kumi, nimenunua hii. Mgongo wangu nani anaujali? Wewe mara ya mwisho kuja hapa lini?"

"Siku ya arobaini ya mama ulisema nini, mjomba?"

"Nilisema, na sikatai. Kama unataka kikao, rudi wiki ijayo niite wenzangu. Njoo na mchele kilo tano na kuku, watu hawawezi kujadili na njaa."

"Mechi ni kesho."

"Basi watu waje kesho kwa mchele gani?"

Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asisalimiane na mtu. Njiani alilia, kidogo tu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na alipofika karibu na shimo la kisima akaacha. Kuku walikuwa wameshaingia humo kulala. Aliwatazama, na lile lililomchoma asubuhi likamjia wazi: mkono haukutetemeka kwa sababu mali haikuwa ya mwenye mkono. Baiskeli ilikuwa yake, ikamtetemesha. Mikorosho ya mke ilimpa utulivu wa mtu anayekohoa kwenye leso ya mwenzake.

*

Kwa Felix ni banda la mabati pembeni ya duka lake, meza moja ya pool katikati, kitambaa chake cha kijani kimeshonwa sehemu mbili. Wanawake hawaingii pale. Hakuna aliyewakataza, ila hawaingii. Jumapili adhuhuri, wanaume waliposimama kuzunguka meza mpaka nje, Mwanasha alipita katikati yao na kanga yake ya kushindia, na kelele zikapungua kama mtu kapunguza sauti ya redio.

"Shemeji kaja kufunga kamba mbuzi wake," mmoja akasema huko nyuma. Watu wakacheka.

Lukmani alikuwa anasugua chaki. Aligeuka, uso ukambadilika. "Nenda nyumbani. Unanitia aibu."

"Aibu ulitia wewe Ijumaa, mimi nimekuja kuiangalia." Akamgeukia Ashraf. "Kaka yangu, unayo karatasi?"

Ashraf akaitoa mfukoni, amestarehe.

"Vizuri. Itunze. Sasa sikia. Mikorosho ile imeandikishwa kwenye chama cha msingi kwa jina langu, na korosho zikipimwa ghalani pesa inaingia kwenye akaunti yangu. Wewe ukitaka korosho zako itabidi uje uziokote shambani mwangu, mbele ya macho yangu, na uzitoe Kitangari kwa pikipiki kama kangomba. Mimi na wewe tutaongozana mpaka kituoni siku hiyohiyo. Kidole cha mjomba utamwonyesha polisi."

Ashraf aliikunja karatasi taratibu. Alikuwa mfanyabiashara, hesabu zilikuwa zinapita usoni mwake. "Dau ni dau, Mama Furaha. Mumeo ni mtu mzima."

"Hilo ndilo ninalosema na mimi. Ni mtu mzima, ana mali yake. Ana mashine ya kupulizia. Bei yake unaijua."

"Mwanasha!" Lukmani alitoa sauti nyembamba.

"Chana hiyo karatasi," Mwanasha aliendelea, "mikorosho yote itoke mezani, ile ya Ijumaa na ya leo. Iingie mashine. Akishinda, hamdaiani. Ukishinda, ondoka nayo, mimi mwenyewe nitakusaidia kuifunga kwenye pikipiki. Hiyo mashine ukiiuza leo unapata mara mbili ya mavuno ya miti tisa, na hakuna polisi."

Ashraf alimwangalia Felix, Felix akainua mabega. Tayari alikuwa ameshakubali, ila alitaka kuombwa. "Mimi sina neno. Aseme mwenyewe mchezaji."

Wote wakamgeukia Lukmani. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo.

"Ile mashine ni kazi yangu," alisema. "Ndiyo inayotulisha."

"Na mikorosho inatufanyaje?"

"Mwanasha, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Wewe si ulisema dau linafundisha? Mimi nataka ujifunze. Jana ulinieleza vizuri sana, ukiweka pesa unaamka. Haya, amka." Sauti yake ilianza kupasuka lakini hakuishusha. "Au linafundisha likiwa la kwangu tu?"

Sasa hakuna aliyemcheka Mwanasha, wote walikuwa wanamcheka Lukmani. "Weka mashine, bingwa!" "Si ulisema unakwenda Masasi?" "Mwacheni, anamwogopa mkewe!" Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomwingia. Lukmani alitupa chaki juu ya meza.

"Naweka," alisema. "Panga mipira, Felix."

Ashraf akaichana karatasi vipande vinne, akampa Mwanasha mkononi. Mashine ililetwa na watu wawili waliotumwa, ikawekwa sakafuni chini ya kalenda, na kitambaa chake juu.

Sitawachosha na gemu zote. Ya kwanza Lukmani aliipoteza kabla mtu hajamaliza sigara. Ya pili alipata mpira mmoja wa mbali, mzuri, watu wakashangilia, na baada ya hapo kila akiinama kupiga jicho lake lilikuwa linakwenda chini ya kalenda. Ya tatu aliipata kwa sababu Ashraf alitumbukiza mpira mweusi kwa bahati mbaya, au kwa huruma, nani ajuaye. Mwanasha alisimama ukutani muda wote, mikono kifuani, anatazama kitu kimoja tu, ncha ya ile fimbo.

Ilikuwa inatetemeka.

Gemu ya tano, Ashraf akiwa na tatu kwa moja, Lukmani alibakiwa na mpira mweusi mdomoni mwa shimo. Mweupe uko nyuma yake, umenyooka. Mpira ambao Furaha angeusukuma kwa mpini wa ufagio. Lukmani aliinama, akainuka, akafuta kiganja kwenye suruali, akainama tena. Banda zima lilikuwa linasikia kupumua kwake. Akapiga. Mpira mweusi ukagusa pembe ya shimo, ukarudi katikati ya meza polepole, mbele za watu wote.

"Ee!" Felix alisema.

Ashraf aliumaliza mchezo bila hata kuvua saa. Akaja kwa Mwanasha, akanyoosha mkono kumpa heshima, Mwanasha hakuupokea. Alitoka nje naye kama alivyoahidi, akashika mpira wa kufungia upande mmoja, wakaikaza ile mashine nyuma ya pikipiki. Kitambaa akakirudisha juu yake. Alipogeuka alimwona Lukmani mlangoni, ameshika fimbo bado, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akamwonea huruma. Haikudumu.

*

Jumatatu asubuhi Mwanasha alichota bakuli moja la maji mtungini, akachukua tambara, akaenda kufuta misalaba ya buluu. Chaki ilikuwa imeingia kwenye mikunjo ya magome na haitoki kirahisi. Mti wa nne maji yakawa buluu, ikabidi ayamwage akachote mengine. Ilimuuma kuyamwaga, lakini aliyamwaga. Juu yake vikorosho vidogo vilikuwa vimeshajitokeza, vya kijani, kila shada na vyake.

Lukmani alitoka ndani, macho mekundu. Alisimama nyuma yake, akakohoa.

"Mwanasha."

"Sema."

"Nimekaa nimefikiri usiku kucha. Nimejua kosa liko wapi."

Mwanasha aliacha kusugua. Akageuka, tambara mkononi linachuruzika. Miaka tisa ya ndoa haikumfundisha kutotumaini, na alijikuta anatumaini, moyo unamwenda mbio kama wa binti. "Liko wapi?"

"Mtu hawezi kucheza vizuri kwa kitu chake," alisema Lukmani, kwa upole kabisa, kama anayemshirikisha mwenzake jambo zito. "Roho inakaa kwenye kile kitu, mkono unatetemeka. Umeona mwenyewe. Ijumaa nilicheza kama mfalme. Ungeniachia mikorosho jana, ningeshinda."

Mwanasha alimtazama usoni, akatafuta dalili ya mzaha, hata ndogo. Haikuwepo. Alikuwa anaamini kila neno.

Hakumtukana. Alilitundika tambara kwenye tawi, akaenda kibarazani, akarudi na ndoo ya lita ishirini na kata ya kitenge iliyokunjwa kuwekea kichwani. Akamkabidhi vyote viwili, akamfungia vidole vyake kwenye mpini kwa nguvu.

"Mtungi hauna maji."

"Nibebe kichwani? Mimi?" Lukmani aliangalia njia. Watu walikuwa wanapita kwenda sokoni, na wawili kati yao walikuwa pale kwa Felix jana. "Wanaume wanachota kwa baiskeli, Mwanasha."

"Baiskeli iko wapi?"

Lukmani aliinamisha macho kwenye ndoo.

"Hii ndoo siyo yako, ni ya kwangu, nimenunua kwa hela yangu," alisema Mwanasha. "Kwa hiyo mkono hautatetemeka. Nenda. Na ukirudi usimwage, nimebakiwa na miti mitano."

Akachukua tambara tawini, akampa mgongo, akaendelea kusugua. Baada ya muda akasikia mpini wa ndoo unalia, ukishuka kuelekea bondeni, na huko njiani mtu mmoja akaanza kucheka.